Nywele zinaposumbua msimu wa joto: soma dalili kabla ya kushika chupa ya mafuta

Joto likianza kukolea, malalamiko yanayofika kwenye kiti changu cha ususi ni yale yale: zimekauka, zinakatika, kichwa kinawasha, zimebadilika rangi, zinatoka kwa mafungu. Na karibu kila anayelalamika ameshajitibu kwa dawa moja. Zimekauka, kapaka mafuta. Kawashwa, kapaka mafuta. Zinakatika, kaongeza mafuta. Nimeosha vichwa ambavyo maji yalikuwa yanateleza juu yake kama juu ya mwamvuli, huku mwenyewe akiniapia kwamba nywele zake zina kiu. Zilikuwa na kiu kweli, ila mafuta ndiyo yaliyokuwa yamezifungia mlango.

Ndiyo maana nimepanga maelezo haya kwa dalili, si kwa bidhaa. Kila dalili ina chanzo zaidi ya kimoja, na dawa ya chanzo kimoja huweza kuwa sumu ya kingine.

Anza na unywele mmoja

Kabla ya yote, chukua nywele tano au sita zilizobaki kwenye kitana leo. Usizing'oe kichwani, chukua zilizotoka zenyewe. Ziweke juu ya kitambaa cheupe kama nywele zako ni nyeusi, au cheusi kama una mvi au nywele za rangi ya dhahabu. Simama dirishani penye mwanga, kisha tazama ncha zote mbili za kila unywele.

Ukiona upande mmoja kuna kidonge cheupe, kidogo kuliko kichwa cha pini, unywele huo umenyonyoka: umetoka mzimamzima ngozini. Usishtuke. Kidonge hicho si mbegu yake. Kiwanda kinachootesha nywele kimebaki ndani ya ngozi, na kwa kawaida kitaotesha nyingine. Kama hakuna kidonge, na unywele ni mfupi kuliko wenzake waliobaki kichwani, basi umekatika njiani.

Haya ni matatizo mawili tofauti kabisa. Nywele zinazonyonyoka zinakupeleka kwenye ngozi ya kichwa na afya ya mwili. Nywele zinazokatika zinakupeleka kwenye jua, maji, kitana, mpira wa kubania na pasi. Watu wengi hununua dawa ya kuotesha nywele wakati nywele zao zinaota vizuri tu, ila zinakatika kwa kasi ile ile zinayoota.

Jambo jingine la kuweka akilini: sehemu ya unywele iliyo nje ya ngozi si kitu hai. Haina damu wala neva, na haijiponyi. Nywele huota takriban sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo ncha ya unywele wa sentimita 30 imeshapitia misimu ya joto miwili na zaidi. Kondishona huilainisha na kuifunika, lakini haiifufui. Kinachowezekana ni kuizuia isiharibike zaidi, na kukata kilichokwisha pasuka.

Nywele zimekauka na zinakwaruza

Gawa nywele katikati ya kichwa, inua tabaka la juu, kisha shika nywele za chini yake, karibu na kisogo. Linganisha kwa vidole vyako mwenyewe, za juu na za chini. Kipimo hiki kinachukua nusu dakika, na mimi hukiamini kuliko maelezo yoyote ya mteja.

Kama za chini ni laini na za juu zinakwaruza, chanzo ni jua. Unywele umevikwa magamba madogo yaliyolaliana kama vigae vya paa, na juu ya magamba hayo kuna utando mwembamba wa asidi ya mafuta unaoyafanya yateleze. Mionzi ya urujuanimno huuondoa utando huo taratibu, kisha huvunja protini iliyo chini yake. Magamba yakiinuka, unywele mmoja unamkwaruza mwenzake, zinashikana, na maji yanaingia na kutoka ovyo.

Hapa dawa ni kivuli. Kofia yenye ukingo mpana au kitambaa kilichofumwa kwa kubana hufanya kazi kuliko kitu chochote cha kupulizia. Mionzi huwa mikali zaidi kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, kwa hiyo kama kuna shughuli ya nje inayoweza kusubiri, isubiri. Ukikuta bidhaa ya nywele yenye namba ya SPF, yaani kipimo cha kinga ya jua, kumbuka kwamba namba hiyo hupimwa kwenye ngozi. Haikuambii unywele wenyewe umekingwa kiasi gani. Na kofia isiwe ya kukwaruza kwa ndani. Ishonee bitana ya satini, au vaa kitambaa cha satini chini yake.

Kama za juu na za chini zote zinakwaruza sawasawa, jua si mshitakiwa mkuu. Pulizia maji kidogo juu ya shungi moja, uangalie. Matone yakisimama juu bila kuingia, na nywele zikawa nzito, zimefifia, pengine ukizikwaruza kwa ukucha unapata unga mweupe au uji wa kijivu, basi umebeba mabaki: chumvi ya jasho, vumbi, mafuta ya juzi juu ya mafuta ya jana, na kama maji yako ni ya chumvichumvi, madini pia. Wenye nywele zinazokataa maji kwa asili, hasa zile ngumu zenye mikunjo ya karibukaribu, wasiogope matone peke yake. Angalia dalili zote kwa pamoja.

Osha mara moja kwa shampuu ya kusafisha kwa kina. Siyo kila wiki, mara moja tu, kisha labda mara moja kwa mwezi joto likiendelea. Sugua ngozi ya kichwa kwa ncha za vidole, si kwa kucha, uache povu lishuke lenyewe kwenye urefu wa nywele. Kondishona ifuate hapo hapo. Wateja wangu wengi hushangaa kwamba nywele walizodhani zimekufa zilikuwa chafu tu.

Chanzo cha tatu ni kinyume cha hicho: kuosha kupita kiasi. Mtu anatoka jasho kila siku, anapiga shampuu kila siku, na nywele zinalia kwa vidole kama sahani iliyosuguliwa. Kwa mwenye nywele nyembamba zilizonyooka na ngozi ya mafuta, shampuu ya kila siku inaweza kumfaa. Kwa mwenye nywele za mikunjo, shampuu mara moja kwa wiki au kila wiki mbili inatosha. Siku za katikati suuza jasho kwa maji matupu na kondishona kidogo nchani. Jasho lina chumvi, na chumvi huyeyuka kwenye maji; haihitaji povu.

Na mafuta je? Sina ugomvi nayo, ugomvi wangu ni wakati yanapopakwa. Mafuta hayaleti maji, yanazuia yaliyopo yasitoke. Ukipaka juu ya unywele mkavu, umefungia ukavu ndani. Utaratibu ninaoufuata ni maji, kondishona ya kuacha kichwani, halafu mafuta kidogo yasiyozidi kinachong'arisha viganja. Mafuta ya nazi yana matumizi mengine ninayoyapenda zaidi: kupakwa kabla ya kuosha. Utafiti wa Rele na Mohile uliochapishwa mwaka 2003 ulilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini, na ni ya nazi pekee yaliyopunguza protini inayopotea kwenye nywele. Asidi yake ya lauriki ina molekuli ndogo na nyoofu inayopenya ndani ya unywele. Yapake saa chache kabla ya kuosha, au usiku, kisha osha.

Zinakatika: angalia zinakatikia wapi

Mteja mmoja alinijia akiwa na mstari wa nywele zilizokatika, umezunguka kisogo kizima kwa kimo kimoja kana kwamba umepimwa kwa rula. Alikuwa amekwisha badilisha shampuu mara tatu. Nikamwambia abane nywele zake kama anavyozibana kila siku. Mpira ukatua juu ya ule mstari. Kwa sababu ya joto alikuwa anaoga asubuhi, analowesha nywele, anazibana zikiwa chepechepe, na zinakaukia ndani ya mpira. Unywele uliolowa huvimba, hulegea na kuvutika; ukikauka hujikaza. Mpira ulikuwa unazikata taratibu kila siku mahali pale pale. Hakuhitaji dawa. Alihitaji kuzibana zikishakauka, kwa kitambaa laini badala ya mpira, na kuhamisha mahali pa kubania.

Kwa hiyo uliza kwanza: wapi?

Nchani tu: ni uzee wa unywele na msuguano wa mabega, kola na mkanda wa begi. Kata sentimita moja au mbili. Ncha iliyopasuka haishikani tena kwa gundi ya aina yoyote, na mpasuko huo hupanda juu.

Katikati: tafuta kitu kinachogusa hapo, mpira, ukingo wa kofia, kamba ya miwani ya kuogelea. Kama hakuna, fikiria pasi ya nywele. Tazama unywele uliokatika kwenye mwanga; ukiona vidoa vyeupe kama chembe za unga na unakatikia hapo hapo kwenye kidoa, umeungua. Kupitisha pasi juu ya nywele zenye unyevu hugeuza maji ya ndani kuwa mvuke, na mvuke huo hutoboa njia. Msimu wa joto kosa hili ni rahisi kulifanya, maana nywele unazodhani zimekauka zimejaa jasho kwenye mizizi. Zikaushe hadi ndani, punguza moto chini ya nyuzi 180 za Selsiasi, na pitisha mara moja.

Kuhusu kuchana, ushauri wa "usichane nywele mbichi" hauwafai watu wote. Kwa nywele zilizonyooka ni kweli, zisubiri zipungue maji. Kwa nywele za mikunjo ya karibukaribu ni kinyume: zikichanwa kavu ndipo zinapokatika. Zichane zikiwa zimelowa na zimejaa kondishona, kwa chanuo la meno mapana, ukianzia nchani na kupanda mzizini.

Pembeni mwa uso, kwenye kipaji na juu ya masikio: hapa naomba usipite haraka. Joto likija watu husuka ili wapumzike, na wakisuka hutaka msuko ukae, kwa hiyo hukazwa. Msuko unaouma, unaoinua ngozi mpaka inasimama kama hema kwenye mzizi, au unaoleta vipele vyeupe mstari kwa mstari, unang'oa nywele. Usimeze dawa ya maumivu ukasubiri uzoee. Fumua, au angalau legeza zile za mbele. Dalili ya tatizo lililokwisha kukaa ni kipaji kinachorudi nyuma huku vinywele vifupi vyembamba vimebaki mbele kama pindo la kitambaa. Likigunduliwa mapema, nywele hurudi. Likiachwa miaka, ngozi hufanya kovu na hakuna mafuta yatakayootesha nywele juu ya kovu. Misuko isizidi miezi 2 hadi 3, na kati ya msuko na msuko kipe kichwa nafasi.

Zinafumka, au zimejikunja dakika kumi baada ya kunyooshwa

Mwaka 1783 Horace-Bénédict de Saussure, mwanasayansi wa Geneva, alieleza kifaa cha kupimia unyevu wa hewa kilichotumia unywele wa binadamu. Unyevu ukiongezeka unywele hurefuka, ukipungua hufupika, na kutoka hewa kavu kabisa hadi hewa iliyojaa maji tofauti hufika asilimia 2 hivi. Kwa maneno mengine, kichwa chako kimebeba vipima hewa kama laki moja, na kila kimoja kinasoma kwa namna yake. Hapo ndipo kufumka kunapotoka.

Nywele zilizonyooshwa kwa draya au pasi zimeshikiliwa na viungo dhaifu vya hidrojeni, na viungo hivyo huachia vikiguswa na maji, hata ya hewani. Hii ndiyo kazi ya maji, si kwamba msusi kakosea. Kuongeza moto hakusaidii.

Swali linalofuata ni hewa yako ikoje, kwa sababu joto ni la aina mbili. Kama hewa ni nzito na yenye unyevu, soma lebo ya kondishona na jeli yako. Gliserini ikiwa miongoni mwa viambato vya kwanza, inavuta maji ya hewani hadi kwenye unywele, na unywele unavimba. Badili, tafuta bidhaa yenye silikoni au mafuta mazito kidogo yanayofunika. Kama hewa ni kavu inayopasua midomo, gliserini hiyo hiyo, ikikosa maji hewani, inayavuta kutoka kwenye unywele na kuyaachia nje. Punguza tena, au ipake juu ya nywele zenye maji na uifunike kwa mafuta. Bidhaa iliyokufaa msimu uliopita haijaharibika. Hewa ndiyo iliyobadilika.

Kama unyevu ni wa miezi mitatu mfululizo, maoni yangu ni kwamba usishindane nao. Vaa mtindo unaokubaliana nao: nywele za asili zilizosokotwa, zilizosukwa kwa ulegevu, au zilizoachwa zijikunje zenyewe.

Kichwa kinawasha

Dalili hii ndiyo inayotibiwa vibaya kuliko zote, kwa sababu mafuta yakigusa ngozi inayowasha hutuliza kwa saa moja. Baada ya hapo mwasho unarudi na wenzake.

Mwasho unaokuja na jasho na kuondoka ukioga ni chumvi na jasho lililokauka. Suuza kwa maji, pangusa mizizi kwa kitambaa chenye maji ukiwa umesuka, na kausha. Hakuna zaidi.

Mwasho wenye magamba ya njano yenye mafuta, hasa kwenye kipaji, nyuma ya masikio na pembeni mwa pua, ni mba. Mba hauletwi na ukavu. Unahusika na fangasi aina ya Malassezia, anayeishi kwenye ngozi ya kila mtu na kula mafuta ya ngozi. Joto linaongeza mafuta na unyevu, naye anastawi. Hapo ukipaka mafuta ya mimea kichwani, mengi yake ni chakula chake. Tumia shampuu ya mba yenye ketokonazoli, zinki pirithioni au seleniamu salfaidi, na usiisuuze papo hapo: iache kichwani dakika 3 hadi 5. Ya ketokonazoli kwa kawaida hutumika mara mbili kwa wiki kwa wiki 2 hadi 4. Paka kwenye ngozi tu, urefu wa nywele upate kondishona, maana shampuu hizi hukausha.

Magamba meupe, makavu, madogomadogo yanayodondoka kama unga na ngozi inayobana yanaelekea zaidi kwenye ukavu au bidhaa inayokukataa. Rudi nyuma, orodhesha ulichoanza kutumia wiki mbili zilizopita, ukiache.

Mwasho ulioanza siku ile ile au kesho yake baada ya kusuka kwa nywele za bandia mara nyingi unatokana na dawa zilizopakwa kwenye nyuzi hizo. Safari ijayo ziloweke kwanza kwenye maji yaliyotiwa siki, zisuuze mpaka harufu iishe, zikauke ndipo usuke. Kama ngozi imevimba au imetoa malengelenge, fumua leo, usingoje.

Vipele vyenye kichwa cha usaha, kila kimoja kikiwa na unywele katikati, ni vinyweleo vilivyoziba na kuvimba. Jasho, msuguano wa kofia, na mafuta mazito ndiyo marafiki wake. Acha mafuta kabisa, fua kofia na mito, legeza msuko. Na kama una vipele vya mstari kwenye kipaji, kufuata pale nywele zinapoanzia, jua mafuta ya nywele yameyeyuka kwa joto na kushuka usoni. Nimewaona watu wakibadilisha sabuni za uso mwaka mzima kwa ajili ya kopo la mafuta ya kichwa.

Mwasho unaochoma, ngozi nyekundu au nyeusi zaidi kwenye njia za nywele na utosini, kisha siku chache baadaye ngozi inabanduka vipande vikubwa: umeungua na jua, na huo si mba. Usiubandue. Tumia maji ya baridi, kivuli, na shampuu laini. Dawa ya kunyooshea nywele, rangi na draya zisubiri mpaka ngozi ipone kabisa. Dawa juu ya ngozi iliyoungua au iliyokunwa huchoma hadi kidonda. Kinga yake ni kofia, au losheni ya kukinga jua ya SPF 30 na zaidi kwenye njia za nywele, ikirudiwa kila baada ya saa mbili. Ya kupulizia au ya unga haigandi kwenye nywele kama ya krimu. Wenye upara, wenye nywele nyembamba utosini na waliosuka mistari wazi ndio wanaosahau zaidi, na ndio wanaoungua.

Mtoto mwenye mabaka ya duara yenye magamba, nywele zimekatika zikabaki vidoa vyeusi, ni mapunye mpaka daktari aseme sivyo. Yanaambukiza kwa vitana, kofia na mito. Shampuu na krimu peke yake hazimalizi kazi kwa sababu fangasi yuko ndani ya unywele. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza aliyoandikiwa.

Harufu chini ya msuko au wigi

Hii watu wanaiona aibu, wanaificha kwa manukato. Haina aibu. Ni unyevu uliokaa mahali pasipopita hewa. Jasho linalowesha nywele, msuko mnene unachukua saa nyingi kukauka, unalala nazo mbichi, na asubuhi harufu ya nguo iliyovundikwa imekaa kwenye mizizi.

Osha na msuko wako. Changanya shampuu na maji kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, mimina kwenye njia, bonyeza kwa vidole bila kusugua, suuza kwa maji mengi. Kamua kwa taulo, kisha draya kwa hewa ya baridi mpaka mizizi ikauke kweli; iguse kwa vidole, usikisie. Osha asubuhi badala ya usiku. Wigi livuliwe nyumbani na lioshwe pia. Harufu ikiendelea baada ya kuosha mara mbili, au ukiona utando wa kijivu ndani ya msuko, fumua.

Rangi imebadilika

Nyeusi imekuwa na wekundu juu na nchani: jua limeunguza melanini, rangi ya asili ya unywele. Haina madhara kwa afya, lakini ni ushahidi kwamba protini ya sehemu hiyo nayo imeguswa, kwa hiyo ishike kwa upole. Nywele zilizotiwa rangi hupauka haraka zaidi, na wekundu ndio wa kwanza kukimbia.

Imekuwa na ukijani baada ya kuogelea: kila mtu humlaumu klorini. Anayetia kijani ni shaba, iliyotoka kwenye dawa za kuua mwani au mabomba, na klorini husaidia kuioksidisha. Huonekana zaidi kwenye nywele za rangi ya dhahabu, mvi, na zilizopaushwa, kwa sababu rangi yake ni nyepesi; zilizopaushwa magamba yake pia yako wazi. Shampuu ya kawaida haiitoi. Tafuta ya waogeleaji yenye EDTA, inayokamata madini, kisha kondishona. Usifunike kijani kwa rangi mpya kabla ya kuiondoa shaba.

Kinga ya bwawa na bahari ni moja, na ni ya bure: lowesha nywele kwa maji safi kabla ya kuingia. Unywele unaweza kunywa maji hadi takriban asilimia 30 ya uzito wake. Ukishakunywa safi, unabaki na nafasi ndogo ya klorini au chumvi. Paka kondishona juu, vaa kofia ya kuogelea, na suuza mara tu utokapo. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita, na yakikaukia kichwani huacha fuwele zinazokwaruza magamba kila unapozigusa.

Zinanyonyoka kwa wingi joto linapoisha

Kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Ukifumua msuko uliokaa wiki sita, utatoa tonge la nywele linalotisha: nywele 2,100 hadi 4,200 zilizokwisha toka siku baada ya siku na kubaki zimenaswa. Zitazame kama zina vidonge vyeupe. Zikiwa navyo, na ngozi haina mabaka, umeona tu hesabu ya wiki sita kwa siku moja.

Pia kuna msimu. Tafiti zimeonyesha kwamba nywele nyingi zaidi huingia kwenye awamu ya kupumzika wakati wa kiangazi na kudondoka mwishoni mwake na kuelekea baridi. Kupumzika huko huchukua takriban miezi 3, na hiyo miezi 3 ndiyo inayowapoteza watu. Wanailaumu shampuu ya wiki iliyopita wakati sababu ni homa kali, upasuaji, kujifungua, au kujinyima chakula ili kupungua uzito miezi miwili au mitatu iliyopita. Mara nyingi hukoma kwenyewe ndani ya miezi 6.

Mwone daktari wa ngozi ukiona mabaka laini ya duara yasiyo na nywele, ngozi inayong'aa isiyo na vinyweleo, usaha, maumivu, au kunyonyoka kunakozidi miezi 6. Vivyo hivyo kama unanyonyoka huku umechoka kupita kawaida, hedhi ni nzito, au uzito unapanda na kushuka bila sababu. Damu, madini ya chuma na tezi ya shingo vinapaswa kupimwa. Kabla ya kwenda, chukua kalenda urudi nyuma miezi minne. Andika tarehe za homa, dawa mpya, misuko na dawa za nywele, na ubebe kwenye karatasi zile nywele zilizotoka asubuhi hiyo.